Kijino Kimoja Hakitoshi

Ukitaka kuona imani kubwa, simama kando ya barabara hapa Ainabkoi siku ya soko. Dereva analisimamisha gari lake la otomatiki mlimani, anatia P, anazima injini, huyoo anakwenda zake kunywa chai. Handibreki hata haigusi. Ukimwuliza atakujibu, "Si nimetia P? Litaenda wapi?"

Mimi nasema linaweza kwenda, na sababu ninazo.

Ndani ya giaboksi ya otomatiki mna gurudumu la chuma lenye meno, lililoshikamana na mhimili unaopeleka nguvu kwenye matairi. Kando yake kuna kipande kidogo cha chuma chenye jino moja. Ukitia P, kijino hicho husukumwa kikaingia katika pengo la lile gurudumu, mhimili ukakwama. Basi, ni hivyo tu! Hakuna breki hata moja iliyoshika. Gari likiwa mlimani, uzito wake wote pamoja na magunia ya viazi huegemea kijino hicho. Ule mshindo wa "ko!" unaousikia dereva akitoa P ni chuma kikiachia mzigo.

La pili ni hatari zaidi. Magari mengi madogo yanayoletwa kutoka Japani huvutwa na matairi ya mbele. P huzuia hayo ya mbele tu. Ukiinua tairi moja la mbele kwa jeki, hilo la hewani huwa huru kuzunguka, na kwa hiyo la upande wa pili nalo huweza kuviringika. Jirani yetu nusura avunjwe mguu hivyo, na P alikuwa ameitia sawasawa!

Hata Marekani yametokea. Juni 2016, mwigizaji Anton Yelchin aliuawa na gari lake mwenyewe lililomrudia kwenye mteremko nyumbani kwake Los Angeles. Lilikuwa miongoni mwa magari zaidi ya milioni 1 yaliyotakiwa kurekebishwa, kwa kuwa madereva walishuka wakidhani wametia P, kumbe sivyo.

Dawa ni rahisi. Kanyaga breki, weka N, vuta handibreki, achia breki polepole gari lilalie handibreki, ndipo utie P. Wengine watasema eti handibreki za magari yetu zilikufa zamani. Basi zitengenezwe! Na yule taniboi wa lori anayeruka chini na jiwe lake la kuzuia tairi, tusimcheke. Yeye ametuzidi akili.

Ndugu msomaji, huenda huna gari, lakini mdomo unao. Mkumbushe baba, mama au mjomba, maana watoto hucheza nyuma ya magari yaliyosimama. Watu husema ajali haina kinga. Hii inayo, tena iko pale karibu na goti la dereva.