Makumbusho yaliyo begani mwa bibi

Wadau, wikiendi nilikuwa Chole, Kisarawe. Bibi akasogeza kanga, akanionyesha kovu la chanjo begani. Mimi na digrii yangu nikasema ni BCG, kama langu. Akacheka: "Hii ya ndui, mjukuu wangu. Ninyi ndui hamuijui."

Kweli hatuijui. Mtu wa mwisho kuipata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kule Merka, Somalia, Oktoba 1977. Alikiri baadaye kwamba aliikwepa chanjo kwa kuogopa sindano. Alipona, na uzeeni akawa anahamasisha chanjo ya polio hadi alipofariki mwaka 2013.

CDC ya Marekani ilifungua makumbusho yake ya afya pale Atlanta mwaka 1996. Sisi je? Chikungunya, jina la Kimakonde, ilielezwa kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 huku kwetu kusini. Wangapi mnajua?

Naomba chumba kimoja tu pale Makumbusho ya Taifa, chenye sauti za wazee. Asiyeijua ndui ni rahisi kudanganywa kuhusu chanjo. Na bibi zetu hawatakuwepo milele. Au nimekosea, wadau?