Mnyoo Mmoja, Zamu Nyingi

Mama kanipigia simu kutoka Morogoro: nyanya zimedumaa, aling'oa mche akakuta mizizi imejaa vinundu. Hao ni minyoo fundo. Mimi naishi Maryland, si mbali na Beltsville, ambako Wizara ya Kilimo ya Marekani imehifadhi mkusanyo mkubwa wa minyoo wa aina hiyo.

Jamaa hawa wana maajabu. Tangu yai hadi utu uzima mnyoo ana jeni zile zile, ila hufanya kazi kwa zamu. Akiwa mchanga, mwembamba kama uzi, zinazowaka ni jeni za vimeng'enya vya kulainisha kuta za seli apenye mzizini. Akishatulia ndani, hizo hupoa na nyingine huamka. Jike hunenepa kama pea na kutaga mayai mamia. Chakula kikiwa haba, wengi zaidi hugeuka madume, wakatoka zao.

Maabara zinajaribu kuzima jeni hizo kupitia mmea wenyewe. Mama hawezi kungoja. Nimemwambia achome mizizi yote, na hapo asirudishe nyanya, bilinganya wala bamia msimu ujao. Ipo mbegu ya nyanya yenye jeni ya Mi inayowazuia, lakini udongo ukipita nyuzi joto 28 kinga hulegea. Nimemwomba apime joto la udongo mchana.