Mikoko ya Gazi ina walinzi wa aina mbili

Katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, mtafiti na mvuvi hukanyaga tope lile lile. Tangu 2013, vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ambao huuza hati za hewa ukaa za takriban tani 3,000 kwa mwaka.

Mkoko hauhifadhi kaboni kwenye shina tu. Sehemu kubwa imo ardhini, katika tope lisilo na oksijeni, ambako mizizi na majani huoza polepole mno. Macho hayalioni hilo. Bila vipimo vya wanasayansi wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, hakuna mnunuzi ambaye angelipa hata shilingi.

Lakini vipimo peke yake havizuii shoka. Watu wa pwani wanahitaji boriti za kujengea na kuni za kupikia, na haki yao hiyo haifutwi na ripoti yoyote. Ndiyo maana mradi ulipanda mivinje, ili boriti na kuni hizo zipatikane kwingine. Mapato nayo yameleta maji na vifaa vya shule.

Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, imefuata njia hiyo.

Kwa hiyo, wizara zinazoandaa mipango ya tabianchi ziwapeleke wataalamu wao vijijini kabla ya mpango kuandikwa, wakae na wazee, wavuvi na akina mama, na ushauri wa wanavijiji hao uingie kwenye bajeti.