KOMPYUTA NZEE NA SHILINGI YA MFANYI KAZI



Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 tumekuwa tukiulizwa swali moja kila mara. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa bure viraka vya usalama vya Windows 10, na watu wengi wenye kompyuta nyumbani wakaambiwa na wauzaji kwamba mashine zao zimekufa, wakanunue mpya. Wengine wamekwisha kuchukua mkopo kwa ajili hiyo. Twataka kusema wazi kabla mwingine hajatia sahihi: mashine haikufa. Kilichokoma ni kazi ya kampuni juu ya programu yake, na programu si mashine.

Windows 11 yataka kifaa kidogo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa kawaida yakataa mashine zilizotengenezwa kabla ya 2017 au karibu na hapo. Kompyuta nyingi za mitumba ziuzwazo Nairobi na Mombasa ni za umri huo. Zawaka vizuri, na watoto wetu wasomea juu yake. Kampuni ilitoa nyongeza ya mwaka mmoja, mpaka Oktoba 2026, kwa dola 30, ama kwa kukubali kujiandikisha na kuweka mipangilio ya mashine yako katika ghala za kampuni. Lakini angalieni jambo hili. Huko Ulaya chama cha wanunuzi kiitwacho Euroconsumers kililalamika, na mwezi wa Septemba 2025 kampuni ikakubali kuwapa watu wa nchi nyingi za Ulaya nyongeza hiyo bila malipo. Sisi huku hatukupewa masharti yale. Mfanyi kazi ye yote ajua sababu: wenzetu walisema kwa sauti moja, na sisi tulikuwa kila mtu peke yake dukani.

Ipo njia nyingine, nayo ni Linux. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchi ya Finland, aitwaye Linus Torvalds, aliandika kiini cha programu ya kuendesha kompyuta, akakitoa ili kila mtu akitazame. Mwaka 1992 kikawekwa chini ya leseni iliyotungwa na Richard Stallman wa Marekani, ambaye tangu 1983 alikuwa akidai programu ziwe huru. Leseni hiyo yasema hivi kwa ufupi: itumie upendavyo, isome ilivyoandikwa, ibadilishe, mpe mwenzako nakala, nawe ukiigawa baada ya kuibadilisha, yule unayempa awe na haki hizo hizo. Mwanachama atalifahamu neno hili upesi. Ni kama katiba ya chama na vitabu vya hesabu: mwenye kadi ana haki ya kuvifungua, na hakuna Katibu awezaye kumwambia, "Hayo ni siri, wewe lipa tu."

Watu husema Linux ni ya mabingwa. Si kweli. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako huendeshwa na kiini hicho hicho, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo juu katika orodha ya zile zenye nguvu kuliko zote duniani zimekuwa zikiendeshwa nacho. Kwa nyumbani twapendekeza Linux Mint, maana sura yake yafanana na ile mliyoizoea, nayo yaridhika na kumbukumbu ya GB 4, hata 2 kwa shida. Mna LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia hesabu, na Firefox ya kuingilia intaneti. eCitizen na barua pepe hufunguliwa humo humo. Ubuntu nayo ni nzuri, na jina lake ni neno la ndugu zetu wa Kusini, maana yake utu. Wako kati yetu wanaokumbuka CD zake zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta mpaka 2011.

Hatutaki kumdanganya mtu. Programu fulani za wahasibu na za wachoraji wa majengo hazikubali Linux, na printa nyingine ni kaidi. Ambaye riziki yake yategemea programu ya namna hiyo asikimbilie. Wala tusidhani kwamba Linux ni sadaka ya maskini. Sehemu kubwa ya kiini chake leo huandikwa na watu walioajiriwa na makampuni makubwa kama Intel, Google na Red Hat, na Red Hat yenyewe ilinunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Matajiri wamo humo. Tofauti ni kwamba hawawezi kuufunga mlango nyuma yao.

Kuna mwanachama aliyetuuliza, "Ya nini taabu hii, na fundi wa mtaani anitilia Windows ya wizi kwa shilingi chache?" Mara nyingi programu ya wizi huja na mdudu ndani, mwenye kuchungulia nywila za benki. Tena aliyeiandika ni mfanyi kazi kama sisi. Na ukiitumia bado wamtegemea bwana yule yule, ila sasa wapita mlango wa nyuma.

Sisi watu wa vyama twatazama sana shilingi inapoingia, yaani mshahara, lakini inapotoka hatuitazami. Mwaka 1957 watu wa Alexandra, karibu na Johannesburg, waliyakataa mabasi kwa sababu nauli ilipandishwa kutoka peni nne hadi tano. Walikwenda kwa miguu, maili tisa hivi kwenda na tisa kurudi, kwa miezi, kwa ajili ya peni moja. Mwaka 1959 Albert Luthuli alikuwa miongoni mwa waliowaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Jina lake liko katika barabara ya Nairobi ambako twanunua redio na simu, na ni wachache wanaomkumbuka wakihesabu noti zao pale Luthuli Avenue.

Linux haimpandishii mshahara mchimbaji wa kobalti kule Kolwezi, wala haimwondolei moshi kijana achomaye nyaya. Haya yataka vyama na sheria. Lakini mashine ikikaa nyumbani miaka minne zaidi, ni mashine moja ambayo haijaagizwa na moja ambayo haijatupwa Dandora. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na chini ya robo ndiyo iliyojulikana kuwa imekusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Tusisahau pia walio karibu zaidi. Tarehe 1 Mei 2023, hapa Nairobi, wafanyi kazi zaidi ya 150 waliokuwa wakichuja maovu ya Facebook, TikTok na ChatGPT walipiga kura kuunda chama chao. Mwenye kuzitumia programu hizo awajue watu hao.

Sasa kwa watakaojaribu. Nakala ya Linux Mint ni GB 3 hivi, na kwa bando hizo ni fedha nyingi; basi mmoja apakue kwa niaba ya tawi na wengine wanakili, leseni yaruhusu. Flashi ya GB 8 yatosha. Washa mashine kutoka katika flashi bila kugusa yaliyomo ndani yake, utazame kama sauti, Wi-Fi na printa vyafanya kazi. Usiitie kabisa kabla ya kunakili picha na barua zako mahali pengine, kwa kuwa yaweza kufuta kila kitu. Makatibu wa matawi waje na flashi siku ya mkutano, na aliye na mashine iliyohukumiwa kufa ailete pamoja na waya wake.