Kosa Haliwi Bila Mtenda

Sarufi yetu ina kauli iwapendezayo sana wakwepao lawama, nayo ni kauli ya kutendeka. Katika kauli ya kutendwa mtenda hutajwa: kikombe kimevunjwa na Juma. Katika kutendeka hana nafasi. Kikombe kimevunjika, basi; Juma amekwisha kwenda zake.

Hivyo ndivyo isemewavyo leo akili unde (wengine huiita akili mnemba, na ubishi wa jina umetushughulisha kuliko ubishi wa haki). Tuseme mama wa Usagara asikia katika simu sauti ya mwanawe ikilia apelekewe fedha za hospitali. Apeleka. Kumbe sauti ile imeundwa na programu. Twaambiwa sauti imeigika, mama ametapelika, na kwa kuwa programu hujifunza yenyewe, ati hapana wa kushtakiwa zaidi ya tapeli asiyeonekana. Bunge la Ulaya, katika azimio la mwaka 2017, lilitaka hata wazo la kuzipa roboti nafsi ya kisheria lichunguzwe. Wazo hilo nalipinga kabisa. Kampuni ni nafsi ya kisheria kwa kuwa ina mali ya kutozwa na wakurugenzi wa kuitwa. Programu haifungwi, haitozwi, wala haioni haya.

Sisi wa ziwani twalijua jambo hili kwa msiba. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoundwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na gati ya Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Hakuna aliyetaka chuma kile kishtakiwe. Watu waliuliza nani alikijaza, nani alishika usukani, nani alipaswa kukizuia.

Na sheria yauliza hivyo hivyo. Fungu la 233 la Kanuni ya Adhabu lamtia hatiani mtu ahatarishaye maisha kwa kuendesha gari au chombo cha majini kwa uzembe, asiyejihadhari na hatari ya mnyama wake, na asiyejihadhari na hatari ya mashine iliyo mikononi mwake. Mnyama hujiamulia kuliko programu yoyote, wala mwenyewe hasameheki kwa kusema kwamba ng'ombe hakutumwa.

Upungufu upo. Fungu hilo lalinda mwili, na mama yule hakujeruhiwa. Tapeli, akikamatwa, amewekewa fungu la 12 la Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na aliyemsaidia kwa kujua amewekewa fungu la 22 la Kanuni. Aponyokaye ni muuza programu ya kuiga sauti aliyeonywa kwamba yaibia watu, naye akaendelea kuuza. Bunge na litamke kwamba programu ni mashine, na kwamba aliyeonywa asijihadhari atajibu kwa mali na heshima ya watu pia.

Wako wasemao kwamba mtengenezaji yu mbali, hatufikiki. (Hatufikiki! Kauli ile ile.) Profesa Meareg Amare wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, aliuawa Novemba 2021. Mwaka 2022 mwanawe alidai jijini Nairobi kwamba programu za Facebook zilieneza maandishi ya chuki juu ya babaye. Ni shauri la madai, si la jinai. Lakini Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ina mamlaka ya kulisikiliza, na mdaiwa aliyetajwa ni kampuni ya Meta, si programu zake.