Bunduki Fupi ya Komeo: Kuichagua, Kuirekebisha na Kuilaza Nyumbani

Barua tuliyoichagua juma hili imetoka kwa mama mmoja, mke wa sajini mstaafu, aishiye kando ya msitu wa Budongo, upande wa Masindi. Mumewe, baada ya kuvua sare, amelima eka nne za mahindi na muhogo. Lakini nguruwe mwitu huingia usiku na nyani huingia mchana, hata msimu uliopita wakavuna nusu tu ya walichopanda. Sasa mzee ameomba kibali na anataka kununua bunduki. Mama anaandika: "Aliyoipenda ni ndefu kama mchi wa kutwangia, ina darubini kubwa juu yake, na bei yake itameza karo ya watoto wawili. Tena tuna wavulana wadadisi. Je, hakuna bunduki ndogo ifaayo kazi zote? Na ikishaingia ndani ya nyumba, tuilaze wapi?"

Mama, ahsante kwa barua yako. Nawe Afande, usikasirike kwamba mkeo ametangulia kuuliza. Aulizaye kabla ya fedha kutoka mfukoni ameiokoa nyumba yake. Tutawajibu nyote wawili, hatua kwa hatua.

Neno la kwanza ni la sheria. Hapa Uganda sheria ya silaha ya mwaka 1970 haimruhusu mtu yeyote kununua wala kukaa na bunduki bila hati halali. Kutumikia jeshi miaka ishirini si hati. Hali kadhalika, hati ya bunduki si ruhusa ya kuua mnyama wa pori. Kabla ya yote, mzee aende ofisi ya wanyamapori, aeleze hasara aliyoipata, na aulize ni jambo gani anaruhusiwa kulitenda. Msitu wa Budongo ni makao ya sokwe, na sokwe wanalindwa na sheria. Mtu afyatuaye risasi gizani kwa kuwa amesikia majani yakivunjika hajui kama amempiga nguruwe, sokwe, au jirani aliyetoka kulinda shamba lake mwenyewe.

Kama ruhusa imepatikana, na kama handaki, ua wa miiba, mbwa na zamu ya usiku havikutosha, hapo ndipo tuanze kuzungumza juu ya bunduki.

Kwa nini bunduki ya komeo? Kwa sababu kila risasi huingizwa kwa mkono wa mpigaji. Huinua mpini wa komeo, hulivuta nyuma, ganda likaruka; hulisukuma mbele, risasi mpya ikaingia. Vipande vyake ni vichache, nayo huvumilia vumbi na mvua. Komeo huweza kutolewa lote kwa sekunde chache, na bunduki isiyo na komeo haiwezi kumdhuru mtu. Zaidi ya hayo, bunduki hii humfundisha mtu subira. Askari aliyezoea bunduki ya kivita hupiga akitumaini kwamba risasi ya pili itasahihisha kosa la kwanza. Shambani haifai kuwa hivyo.

Na ufupi je? Wazee waliotumikia Kikosi cha Nne cha King's African Rifles, kile kilichokuwa Uganda Rifles mwaka 1962, waliijua vema bunduki ya Kiingereza ya .303. Ile iitwayo Namba 4 ilikuwa na urefu wa sentimeta 113 na uzito wa kilo 4 na ushei. Katika vita vya misitu ya Asia, Waingereza waliona kwamba mtutu mrefu hunaswa na matawi, na mzigo mzito humchosha askari. Hivyo kuanzia mwaka 1944 wakatengeneza Namba 5, yenye urefu wa mita 1 na uzito wa kilo 3 na robo hivi. Ilibebeka vizuri mno, lakini ilikuwa na ila zake. Teke lake liliumiza bega, mlio wake uliumiza masikio, na askari wengi walilalamika kwamba shabaha yake ilihamahama. Mwaka 1947 ikaachwa kutengenezwa. Fundisho lake ni kwamba kila sentimeta inayokatwa ina gharama yake, na mnunuzi hana budi kuijua kabla ya kulipa.

Baada ya miaka mingi, Mmarekani mmoja aitwaye Jeff Cooper, aliyekuwa afisa wa askari wa majini na kufariki mwaka 2006, alilitazama upya jambo hilo. Mwaka 1983 na 1984 aliwakusanya mafundi na wapiga shabaha katika chuo chake huko Arizona, wakajiuliza: kama mtu angeruhusiwa bunduki moja tu ya kazi zote, ingekuwaje? Wakaafikiana hivi: urefu usizidi mita 1, uzito uwe kilo 3, au ikishindikana usizidi kilo 3 na nusu, iwe ya komeo, itumie risasi ya.308 ipatikanayo duniani kote; na iwe na mkanda wa kuituliza mkononi. Darubini yake iwe ndogo, yenye kukuza mara mbili au tatu tu, nayo ifungwe mbele, juu ya mtutu, ili mpigaji aache macho yote mawili wazi na risasi ziingizwe kwa juu bila kizuizi. Kiwanda cha Steyr cha Austria kilitoa bunduki ya namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990, na kiwanda cha Ruger cha Marekani kikafuata mwaka 2011.

Hatusemi Afande anunue hizo, maana bei zake si za mkulima. Tunasema achukue vipimo vyake awe navyo dukani kama fundi cherehani achukuavyo utepe. Mambo ya kuchunguza ni haya matano.

Kwanza, kipimo cha mwili. Kunja mkono, weka kitako cha bunduki katika kiwiko kwa ndani, kisha tazama kidole cha shahada. Ncha yake ikifika vizuri kwenye kifyatulio, kitako kinakufaa. Kikiwa kirefu kupita kiasi, shingo hunyooshwa, bunduki hukaa vibaya begani, na teke huwa kali. Ni heri kitako kiwe kifupi kidogo kuliko kuwa kirefu.

Pili, mtutu. Wenye sentimeta 45 hadi 50 unatosha. Toa komeo, elekeza mtutu kwenye mwanga, uchungulie. Mifereji ya ndani iwe na ncha kali na ing'ae, isiwe na mashimo ya kutu. Bunduki kuukuu yenye mtutu safi hushinda mpya yenye mapambo.

Tatu, alama za kulengea. Alama ya nyuma iliyo tundu la mviringo ni rahisi kwa jicho la mzee kuliko ile yenye mfuo, kwa kuwa jicho lenyewe huitafuta katikati. Kwa shamba la eka nne, ambako umbali ni mita 50 au 100, darubini si lazima. Ile kubwa iliyomvutia Afande ni uzito na gharama. Hata ile ndogo ya mbele ina udhaifu wake: hufifia jioni, na jua likiwa mgongoni hutia mng'aro machoni.

Nne, risasi. Hapa tunaomba msome mara mbili. Namba 7.62 peke yake haitoshi. Kuna 7.62 yenye ganda la milimita 39, ndiyo ya AK. Kuna yenye ganda la milimita 51, ndiyo ya G3. Na kuna ya Kirusi yenye ganda la milimita 54 na ukingo. Hizi ni risasi tofauti kabisa, nazo hazibadilishani. Soma jina lote lililochorwa juu ya mtutu, kisha lilinganishe na jina la kwenye pakiti. Jina lisiposomeka, usinunue.

Tano, kizuizi cha usalama. Hakikisha hakuna risasi ndani, funga kizuizi, elekeza mtutu ardhini, bonyeza kifyatulio kwa nguvu. Achia kifyatulio, kisha fungua kizuizi. Kama bunduki imebofya wakati wowote kati ya hayo, ni mbovu. Irudishe.

Sasa tufikie kuirekebisha. Bunduki mpya huja na grisi ndani ya mtutu. Isafishe yote mpaka kitambaa kitoke kikavu. Kaza skrubu zifungazo chuma na mti, maana skrubu iliyolegea huhamisha shabaha kila siku. Kisha nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, wenye tuta la udongo nyuma yake, na uzibe masikio.

Toa komeo, iweke bunduki juu ya mifuko ya mchanga, ichungulie shabaha ya mita 25 kupitia ndani ya mtutu. Kama mtutu unaona katikati lakini alama zinatazama kando, umeshagundua kosa bila kutumia risasi hata moja. Zirekebishe alama, rudisha komeo, kisha piga risasi tatu polepole. Usihukumu kwa tundu moja. Tazama katikati ya matundu matatu. Alama ya nyuma husogezwa upande ule utakao risasi iende. Alama ya mbele husogezwa kinyume chake.

Halafu rudi nyuma hadi mita 100. Hapo hesabu hii itakusaidia: kama nafasi kati ya alama ya mbele na ya nyuma ni nusu mita, kusogeza alama milimita 1 huhamisha risasi sentimeta 20. Kwa hiyo usigonge alama kwa nyundo kama mtu apigiliaye msumari wa paa. Gonga kidogo, piga tatu, pima tena. Bunduki ya .308 iliyowekwa sawa kwa mita 200 hupiga kama sentimeta 5 juu kwa mita 100, na zaidi ya sentimeta 20 chini kwa mita 300. Kwa kazi ya Afande, aiweke sawa kwa mita 100, akomee hapo.

Mkanda nao si wa kuning'inizia begani tu. Ukizungushwa juu ya kiwiko cha mkono wa kushoto na kukazwa, huifanya bunduki itulie kama iliyofungwa. Ajizoeze nyumbani akiwa amekaa na amepiga magoti, bunduki ikiwa tupu, na risasi zikiwa chumba kingine.

Akitoka uwanjani, asafishe siku ile ile. Risasi nyingi za zamani za .303 huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na mafuta peke yake hayaiondoi. Mimina maji ya moto mtutuni, kausha kwa vitambaa mpaka viwe vikavu, ndipo upake mafuta kidogo.

Mama, sasa tunakuja kwenye swali lako la mwisho, nalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Bunduki ikae ndani ya kabati la chuma lililofungiwa ukutani. Komeo likae mahali pengine penye kufuli, na risasi mahali pa tatu. Funguo zikae mwilini mwa mwenye hati. Zisiwe chini ya mto wala juu ya dari, kwa maana hakuna mtoto asiyejua vilivyo chini ya mto wa baba yake. Usiilaze ndani ya mfuko wa ngozi au turubai, kwani hushika unyevu na kuleta kutu.

Wavulana msiwatishe kwa hadithi, wala msiwafiche kana kwamba hakuna kitu. Siku moja baba awaketishe, aitoe ikiwa tupu mbele yao, na awafundishe kanuni nne ambazo Cooper alizieneza. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi. Mdomo wa mtutu usielekezwe kwa kitu usichotaka kukiangamiza. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka alama ziwe juu ya shabaha. Na ujue hakika unachokipiga na kilicho nyuma yake. Kanuni ya nne iandikwe mlangoni, kwa kuwa risasi ya bunduki hizi huweza kusafiri zaidi ya kilometa 3. Kutoka shamba lenu, kilometa 3 ni shule, ni kisima, ni soko.

Mwisho, Afande, tunakuomba ufanye hesabu moja kwa kalamu. Upande mmoja andika bei ya bunduki, hati, kabati la chuma na risasi za kujizoeza. Upande wa pili andika bei ya ua wa miiba, mbwa wawili na ujira wa kijana wa kulinda kwa miezi miwili ya mavuno, pamoja na karo ya watoto wale wawili. Kama upande wa pili ni mwepesi, basi funga ua, lipa karo, na bunduki ingoje. Kama baada ya yote bado unaihitaji, nunua iliyo fupi, nyepesi, isiyo na darubini, yenye mtutu safi. Askari mwenzako hatakucheka. Aliyebeba silaha miaka mingi ndiye ajuaye zaidi uzito wake.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutajibu barua za wale wanaouliza namna ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na fukusi. Kwaherini.