Mbwa Garini si Mkaidi

Msomaji, bila shaka umepata kumwona mbwa akiburutwa kwa mnyororo kupelekwa kwenye pikapu, mkia ameufyata, miguu ameikaza ardhini. Mwenye mbwa humwita mkaidi, kisha humchapa. Mimi nasema mkaidi ni yule mwenye fimbo.

Tazama kwanza mwili wa mnyama huyu. Ndani ya sikio lake, kama ndani ya lako, mna kiungo kinachopima mwendo na usawa wa mwili. Gari likiyumba, sikio husema twaenda, na macho yanayotazama ubavu wa gari husema tumetulia. Ugomvi huo huleta kichefuchefu, na watoto wa mbwa hutaabika zaidi, maana kiungo hicho hakijakomaa. Kabla ya kutapika, mbwa hudondokwa na mate, hulamba midomo, hutweta, hupiga miayo. Je, miayo hiyo ni ya usingizi? Hasha!

Tena mbwa hukumbuka. Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa huunganisha jambo na lile lilifuatalo, hata akatokwa na mate kabla hajapewa chakula. Basi mbwa apakiwaye garini siku ya sindano tu, kwake gari ni sindano. Ukiongeza fimbo, gari huwa sindano na fimbo pia.

Wako watakaocheka, wakisema mbwa ni mlinzi wa boma, si mgeni wa kubembelezwa. Mlinzi, vema. Lakini safari hiyo aghalabu ni ya kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikisha kumtokea mtu, kupona ni nadra mno. Ili kuuzuia, yapasa mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Yule aachwaye nyumbani kwa kuwa “hapandi gari” hulala mlangoni pa ndugu zako wadogo.

Mpandishe gari likiwa limezimwa, mpe kipande cha nyama, mshushe. Siku nyingine injini iwashwe bila kuondoka. Kisha mwende mwendo mfupi, mpaka mahali apapendapo. Siku ya safari ndefu usimlishe kabla ya kuondoka, na dirisha liwe wazi kidogo. Kazi hii yaweza kuchukua majuma kadhaa. Akianza kudondokwa na mate, umekwenda upesi mno. Rudi hatua moja.